Kikao cha Mlango Uliofungwa

Watafiti wa dawa wana desturi ambayo wengi wetu hatuijui: wenye jaribio hawaruhusiwi kulinganisha makundi yake kabla ya wakati. Kazi hiyo hupewa kamati ndogo ya watu wa nje: madaktari, mtakwimu, mara nyingi na mtaalamu wa maadili, wote wasio na maslahi katika dawa hiyo. Kikao kikianza, watafiti hueleza wameandikisha wangapi na wangapi wamejitoa. Kisha hutoka, mlango hufungwa, ndipo hesabu za makundi hutazamwa, pengine yakiitwa A na B tu ili moyo wa mtu usielemee upande.

Hesabu za katikati hudanganya. Ukizichungulia mara kwa mara, ipo siku bahati itavaa sura ya ushindi. Kwa hiyo hukubaliwa mapema ni ushahidi wa kiasi gani utakaosimamisha jaribio, na mwanzoni kiwango huwekwa juu sana. Naiheshimu mno desturi hii, kwa sababu wanaosubiri uamuzi ni watu wanaomeza vidonge bila kujua kama vina dawa.

Mwaka 2011 ilionekana kwetu. Aprili, jaribio la FEM-PrEP, lililowapa wanawake wa Bondo, Arusha na Afrika Kusini kidonge cha Truvada kuzuia VVU, lilisimamishwa kwa ushauri wa kamati yake: walioambukizwa walikuwa 56, 28 katika kundi la Truvada na 28 katika kundi la vidonge visivyo na dawa. Julai, kamati nyingine ilikagua Partners PrEP, lenye jozi zaidi ya 4,700 za wenzi wa Kenya na Uganda, mmoja ana VVU na mwingine hana. Truvada ilikuwa moja ya dawa mbili zilizojaribiwa humo, na zote zilikinga waziwazi. Kamati ikashauri vidonge visivyo na dawa visitolewe tena. Baadaye vipimo vya damu vilionyesha kuwa wengi wa wanawake wa FEM-PrEP hawakuwa wakimeza vidonge ipasavyo. Kila kamati iliamua kwa haki juu ya kilichokuwa mezani.

Jaribio likifika kwenu, kabla hujatia sahihi au dole gumba, uliza: kamati hiyo ina nani, hukutana lini, na ni jambo gani litakaloifanya iseme basi? Una haki ya kujibiwa.