Upepo Hutangulia, Maji Hufuata: Jinsi ya Kuzipanga Saa za Tufani



Tufani ikisha kuupiga mji, watu huuliza kwanza, "Wamekufa wangapi?" Kisha huuliza, "Nani wa kulaumiwa?" Lakini liko swali la tatu, ambalo wachache huliuliza, nalo lina faida kuliko hayo mawili: "Jambo gani lilitangulia, lipi lilifuata, na katikati zilipita saa ngapi?" Swali hilo ndilo tutakalolieleza leo, maana katika zile saa za katikati ndimo watu huokoka au huangamia.

Pengine mtu wa kwetu Ibadakuli, hapa Shinyanga, atasema, "Sisi tu watu wa bara, tufani ya bahari yatuhusu nini?" Maneno yake yana kweli nusu. Tufani huzaliwa juu ya bahari yenye joto, la digrii 26 au zaidi, wala haizaliwi karibu sana na mstari wa Ikweta, kwa kuwa pale mzunguko wa dunia hauwezi kuupinda upepo vya kutosha. Sisi tu chini ya digrii 4 kusini ya Ikweta, na tena mbali na pwani. Kwa hiyo tufani yenyewe haitufikii. Lakini nani katika Usukuma asiyeujua mto wa mchanga, uliokuwa mkavu asubuhi, ukafurika jioni, hali kijijini hapo halikuanguka hata tone moja? Mvua ilinyesha mbali, nayo maji yamesafiri. Mwenye kulifahamu jambo hilo amekwisha kufahamu nusu ya habari yetu.

Kwanza tulijue umbo la tufani. Ni upepo mkubwa uzungukao kama pia, na upande huu wa kusi wa dunia huzunguka kwa njia ya mishale ya saa. Katikati yake pana mahali patulivu paitwapo jicho. Kama tufani yatoka mashariki kwenda magharibi, na jicho likipita juu ya mji, watu wa mji huo hupigwa kwanza na upepo utokao kusini. Kisha upepo hukoma ghafula, na pengine mawingu hufunguka. Wasiojua hutoka nje kutazama hasara. Baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu zile zile, lakini sasa watoka kaskazini. Wengi huumia katika upepo huo wa pili, kwa kuwa walidhani shari imekwisha.

Basi, atakaye kuzipanga saa za tufani hukusanya mashahidi. Shahidi wa kwanza ni kipimo cha uzito wa hewa, yaani baromita. Tufani ikikaribia, hewa huwa nyepesi na kipimo hushuka. Kikifika chini kabisa na kuanza kupanda, twajua kwamba kitovu cha tufani kimepita. Shahidi wa pili ni kipimo cha upepo, lakini huyu mara nyingi hufa kazini, kwa kuwa huvunjwa na upepo ule ule anaoupima. Wa tatu ni kipimo cha maji ya bahari bandarini. Wa nne ni kipimo cha mvua, na wa tano ni alama za kina zilizowekwa mtoni. Siku hizi yuko na shahidi wa sita: setilaiti, chombo kizungukacho juu ya dunia na kuipiga picha. Ziko setilaiti ambazo hazitumii mwanga wa jua ila mawimbi ya rada, nazo huona maji yaliyotanda hata usiku, hata chini ya mawingu mazito.

Hata miti ni mashahidi. Mnazi ulioangukia kaskazini uliangushwa na upepo wa kusini, yaani upepo wa kwanza. Ulioangukia kusini uliangushwa na ule wa pili. Na mti mmoja ukilala juu ya mwingine, ulio chini ndio uliotangulia kuanguka.

Shahidi wa mwisho ni binadamu, naye ahitaji kuulizwa kwa hekima. Mtu aliyekaa gizani akishikilia mlango hana nafasi ya kutazama saa. Basi tusimwulize, "Ilikuwa saa ngapi?" Tumwulize, "Jogoo alikuwa amekwisha kuwika? Mlikuwa mmekula? Adhana ilikuwa imesikika?" Tena tuangalie hesabu ya siku. Kwa wazee wetu, siku huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hesabu ya Wazungu, siku huanza saa sita ya usiku. Na saa zenyewe hazilingani: ikiwa ni saa 7 ya usiku kwa saa ya Greenwich, ni saa 9 Msumbiji, na saa 10 Dar es Salaam. Watu watatu waweza kuandika saa tatu mbalimbali, na wote wakasema kweli.

Sasa tuone jinsi mashahidi hawa walivyotumika. Tufani iliyoitwa Idai iliupiga mji wa Beira, katika nchi ya Msumbiji, mwaka 2019. Beira ni bandari yenye watu wapata nusu milioni, iliyojengwa mahali pa chini sana, karibu na vinywa vya mito miwili, Pungwe na Buzi. Aulizwapo mtu, "Idai ilikuja lini?" hujibu, "Katikati ya Machi." Lakini tukizipanga siku zake, twaona kwamba mambo yalianza mapema zaidi.

Tarehe 4 Machi tufani hiyo, ikiwa bado changa, iliingia nchi kavu ya Msumbiji upande wa kaskazini wa Beira, ikafika mpaka Malawi. Haikuwa na upepo wa kutisha, lakini ilimwaga mvua nyingi, na watu wa Malawi wakafa kwa mafuriko. Kisha ikageuka, ikarudi baharini yapata tarehe 9 Machi, na huko, katika mlango wa bahari ulio baina ya Msumbiji na Madagaska, ikanywa joto na kupata nguvu. Tarehe 14 Machi upepo wake ulikuwa wapata kilomita 195 kwa saa. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 15 Machi, ikaingia nchi kavu karibu na Beira.

Usiku huo upepo na bahari vilifanya kazi pamoja. Tufani huinua bahari kwa njia mbili. Hewa nyepesi ya katikati huyaacha maji yapande kidogo, kama sentimita 1 kwa kila milibari 1 ya uzito wa hewa uliopungua. Lakini kazi kubwa ni ya upepo, ambao huyasukuma maji mpaka ufukoni na kuyarundika pale. Na hapa yafaa tumwulize shahidi ambaye hasemi uwongo kamwe, yaani mwezi. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 6 Machi, na tarehe 14 ulikuwa nusu. Kila mvuvi ajua kwamba mwezi ukiwa nusu bahari ina maji mafu, haipandi sana; bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Pale Beira maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 6 na zaidi. Laiti tufani ingalikuja wiki moja baadaye, wakati wa mwezi mpevu, bahari ingaliweza kuingia mjini kwa kina kikubwa zaidi.

Ijumaa kulipokucha, mapaa yalikuwa yameng'olewa, umeme umezimika, simu zimenyamaza. Dunia ya nje haikusikia neno kutoka Beira. Wengi waliobaki wazima walishukuru Mungu, wakadhani msiba wao umekwisha.

Lakini tufani ilikuwa ikiendelea kwenda magharibi. Ilipofika milima iliyo mpakani pa Zimbabwe, mawingu yake yalisukumwa juu, yakamwaga mvua. Huko Chimanimani milima iliporomoka usiku, mawe na matope yakazika nyumba pamoja na waliolala ndani. Nayo mito ya Pungwe na Buzi chanzo chake ni katika nyanda hizo hizo za juu za Zimbabwe. Maji yaliyoanguka milimani yakaanza safari ya kurudi baharini, yakipita katika nchi ambayo udongo wake ulikuwa umekwisha kushiba mvua. Siku mbili, tatu, nne baada ya upepo kukoma, mito ikavunja kingo zake. Watu wa wilaya ya Buzi wakapanda miti na mapaa ya nyumba, wakangoja huko wakiwa na watoto wao.

Tarehe 18 Machi Rais Filipe Nyusi alipita juu ya nchi kwa ndege, akasema waliokufa huenda wakazidi 1,000. Picha za rada za tarehe 19 Machi zilionyesha ziwa jipya mahali palipokuwa mashamba, na eneo lililofunikwa lilikadiriwa kuwa zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Tarehe 27 Machi wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu wakathibitishwa. Mwisho wake, katika Msumbiji peke yake walihesabiwa zaidi ya watu 600 waliokufa, na katika nchi zote tatu pamoja walizidi 1,000.

Sasa tuzitazame siku hizo kwa mpango wake: mvua ya kwanza, upepo, bahari, mvua ya milimani, mito, maradhi. Hayo ni mambo sita, na upepo ulikuwa mmoja tu. Baina ya upepo na kilele cha mito zilipita siku nzima, si dakika. Katika siku hizo mtu aliyejua angeweza kuhama kwenda mahali pa juu, kama angalipata habari na njia. Tufani ilimfunga kwa kukata simu na barabara, na kutojua kulimfunga mara ya pili.

Watu wa Afrika ya Mashariki tusidhani kwamba habari hii ni ya Msumbiji tu. Siku ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1872, katika utawala wa Seyyid Barghash, tufani iliipiga Unguja. Vyombo vingi vilizama au vilitupwa ufukoni, na merikebu za Sultani ziliharibika. Mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa kwa wingi, hata yapata theluthi mbili, bali Pemba, iliyo karibu, haikuguswa sana. Tofauti hiyo yatuonyesha jinsi njia ya tufani ilivyokuwa nyembamba. Tukihesabu miezi kurudi nyuma, twaona kwamba mwezi mpya ulikuwa tarehe 8 Aprili. Kwa hiyo tarehe 15 ulikuwa nusu, na bahari ilikuwa na maji mafu, kama ilivyokuwa Beira.

Wakati huo Henry Stanley alikuwa njiani kutoka Unyanyembe, kusini ya nchi yetu, akielekea Bagamoyo. Alipofika Simbamwene, mahali palipo Morogoro ya leo, mwisho wa mwezi wa Aprili, aliukuta mji ule wenye boma la ukuta umepigwa na mafuriko: ukuta wa mbele umechukuliwa na maji, na nyumba kama 50 zimekwenda. Mji ule ulikuwa mbali na bahari. Maji yaliyouvunja hayakutoka baharini. Yalishuka na mto kutoka milima ya Uluguru. Shahidi wa namna hii hatuambii saa wala siku ya mafuriko, lakini atupa mpaka: yalitokea kabla ya mwisho wa Aprili. Mchunguzi mwaminifu huuandika mpaka huo, wala haongezi saa za kubuni.

Tufani zimerudi tena tangu hapo. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baada ya ile ya Unguja, Lindi ilipigwa. Na mwanzoni mwa Mei 2024 tufani iitwayo Hidaya ilifika karibu na Mafia, ikapungua nguvu ilipoikaribia pwani. Mara hii watu walikuwa wamekwisha kuonywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa kuwa setilaiti iliiona tangu ilipokuwa mbali baharini.

Kwa wanafunzi na walimu wenzetu tuna kazi ndogo ya kuwapa. Mvua kubwa ikinyesha, chukueni daftari na kuandika: saa ilipoanza, saa ilipokoma, upepo ulitoka wapi, na maji yalifika kwenye daraja au kivuko saa ngapi. Pigeni alama ya rangi juu ya nguzo au mwamba, mjue kina. Fanyeni hivyo masika mawili au matatu, nanyi mtajua jambo ambalo mgeni hawezi kuwaambia: kwamba mto wenu huja baada ya saa ngapi tangu wingu jeusi lionekane juu ya vilima. Mama mwenye shamba ng'ambo ya mto atajua wakati wa kurudi nyumbani, na mchungaji atajua wakati wa kuvusha ng'ombe.

Anayengoja kuyaona maji ndipo ahame, amechelewa. Lakini anayejua kwamba upepo hutangulia na maji hufuata, akihesabu saa zilizo baina yao, amepewa nafasi ya kumshika mtoto mkono na kupanda kilimani mapema.