Shule Ikifungwa, Masomo Yasifungwe

Leo tunazungumza juu ya masomo ya mtoto wakati wa dharura.

Mnamo Machi 2020, shule zote nchini Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mwaka wa 2024, mafuriko yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili hadi Mei 13.

Wakati wa Korona, masomo yalipeperushwa kwa redio na televisheni. Masomo hayo husaidia, lakini redio haimwoni mtoto. Haijui kama ameelewa au amesinzia. Kazi hiyo ni yako, mama, au ya mlezi yeyote aliye nyumbani.

Pengine utauliza, "Mimi sikusoma sana, nitamfundishaje?" Si lazima ujue hesabu. Kipindi kikiisha, muulize: Umejifunza nini? Hebu nionyeshe. Ni wapi hukuelewa? Akiweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa. Akikwama, aandike swali hilo daftarini, kisha amwulize ndugu mkubwa, jirani, au mwalimu wake kwa simu.

Je, kama hamna redio? Asome kwa sauti kitabu alicho nacho, ahesabu maharagwe, au amfundishe mdogo wake.

Panga saa ya masomo isiyobadilika, kwa mfano asubuhi baada ya uji. Mtoto mdogo asome kwa muda mfupi, acheze, kisha arudi. Kazi za nyumbani zigawanywe sawa. Mvulana naye achote maji, ili msichana apate nafasi ya kusoma. Msichana anayeachwa nyuma shule zikifungwa huenda asirudi zikifunguliwa.

Kumbuka pia kwamba mtoto aliyepitia mafuriko huweza kuogopa, kukosa usingizi au kukojoa kitandani. Usimgombeze. Msikilize, na umwache acheze na wenzake mahali salama. Ratiba ya kila siku humtuliza, kwa maana anajua kitakachofuata. Hofu hiyo ikiendelea kwa majuma kadhaa, mpeleke katika kituo cha afya kilicho karibu.

Basi mama, leo jioni mwambie mwanao akueleze jambo moja alilojifunza.