Jamhuri Jazz, Bendi ya Tanga Iliyozaa Wanyika

Jioni moja ya siku za karibuni tulikuwa tumeketi Raskazone, upepo wa bahari ukivuma na kisiwa cha Toten kikianza kupotea gizani, mara redio ya jirani ikapiga wimbo wa Simba Wanyika. Watu wa makamo walinyamaza. Mmoja wao akaanza kutikisa mabega. Kijana aliyekuwa kando yangu, mzaliwa wa hapa hapa Tanga, akasema: "Hawa Wakenya walijua kupiga muziki." Sikumlaumu. Ni nani aliyepata kumwambia kuwa muziki ule ulianzia mwendo wa miguu tu kutoka pale alipoketi?

Ndugu msomaji, zamani za ukoloni Wazungu walijijengea nyumba zao huku Raskazone penye upepo. Mwafrika alikaa Ngamiani, ng'ambo ya reli, katika barabara ambazo mpaka leo huitwa kwa namba. Na wengi wa waliopita Ngamiani hawakuwa watu wa pwani. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulihitaji mikono mingi kuliko ile iliyopatikana hapa, na kuanzia 1944 mabwana wa mashamba walikuwa na shirika lao, SILABU, la kuwaandika watu kutoka Unyamwezi, Uha, Burundi na kwingineko. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Alikata majani mchana kutwa; jioni alitaka kuitwa mtu mwenye jina.

Ndipo dansi ilipomfaa. Mwaka 1955 Joseph Bagabuje alianzisha mjini Tanga bendi iliyoitwa Young Nyamwezi. Jina lenyewe lilieleza mambo mawili: kwamba vijana walikuwa mbali na kwao, na kwamba hawakutaka kusahau walikotoka. Baadaye jina la kabila likawekwa kando, bendi ikaitwa Jamhuri Jazz. Nchi yenyewe ilikuwa imekuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na vijana wa Ngamiani hawakuona sababu ya kubaki nyuma.

Hilo neno "jazz" limewapoteza wengi. Mtu akitafuta hapo muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, hataukuta. Bendi nyingi za siku zile, tangu Morogoro hadi Tabora, zilijiita jazz kwa kuwa neno hilo lilinukia mjini na usasa. Ndani yake mlikuwa na mchanganyiko: sauti za Cuba zilizofika katika sahani za santuri, rumba iliyotoka Kongo, na mwendo wa ngoma za bara ambao manamba walikuja nao miguuni mwao. Hata hivyo Jamhuri Jazz ilikuwa na mpiga gitaa mmoja, Harrison Siwale, ambaye watu walimwita Satchmo, lakabu ya Louis Armstrong. Yeye hakupiga gitaa la mbele. Alikaa kati, baina ya solo na besi, akiyajibu yote mawili, na atakayesikiliza kwa makini ataona kuwa gitaa lile la kati ndilo lililoufanya wimbo utembee. Mimi nasema hilo ndilo linalofanya nyimbo zile zisizeeke. Waimbaji hubadilika, mitindo hupewa majina mapya kila msimu, lakini magitaa yanayozungumza bila kukatizana ni jambo la nadra.

Tanga haikuwa na bendi moja. Atomic Jazz, ya akina John Kijiko na Stephen Hiza, ilikuwa pale pale mjini, na mashabiki wa pande mbili walibishana kama watu wa mpira. Ubishi ule ulizinufaisha bendi zote mbili.

Sasa, Wanyika wametoka wapi? Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walijifunza kazi katika Jamhuri Jazz katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 walihamia Arusha wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka, na Nairobi ikaijua bendi yao kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 mpiga ridhimu wao, Omar Shabani, alijitenga pamoja na wenzake, ikazaliwa Les Wanyika, bendi ya "Sina Makosa". Wimbo huo hauna harusi wala baa ya Afrika Mashariki usikojulikana.

Hawakwenda Nairobi kwa kuichukia Tanga. Katika bendi nyingi za wakati ule vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi au ya chama; mpigaji aliondoka na vidole vyake tu. Na viwanda vya sahani vilikuwa Nairobi, si kwetu. Mkulima wa mkonge alitoa nyuzi, kamba ikasokotwa ng'ambo na kuuzwa kwa jina la wengine; mpiga gitaa naye mambo yake hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, kisha bei ikaanguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Mshahara wa shambani ndio uliokuwa ukilipa kiingilio cha dansi.

George alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995. Nairobi iliwatunza na kuwapa jina, nasi hatuna ugomvi nayo. Tunachoomba ni kidogo: mtangazaji anapotaja Simba Wanyika, ataje na Jamhuri Jazz, na kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zitolewe zisikike, wala zisiachwe zikaliwa na vumbi.

Yule kijana wa Raskazone aliniuliza Ngamiani bendi ile ilikuwa ikipiga barabara ya ngapi. Nilimwambia awaulize wazee wa kule wenyewe, nao watabishana mpaka usiku.