Kifafa Huanza Kupimwa kwa Masimulizi

Kijana akianguka kwenye migomba huko Kyerwa, akakakamaa na kutupatupa mikono na miguu, mara nyingi akizinduka hakumbuki lolote. Anayejua kilichotokea ni jirani aliyekuwa akipalilia karibu. Huyo ndiye kipimo cha kwanza cha kifafa, na inafaa afuatane na mgonjwa hadi kwa daktari.

Maana daktari atauliza mengi. Mtikisiko ulianzia upande gani? Ulidumu dakika ngapi? Alikuwa na homa? Malaria kali na sukari iliyoshuka pia huleta degedege, na hizo hupimwa kwa tone la damu. Kwa kawaida kifafa hutajwa mgonjwa akianguka angalau mara mbili bila chanzo cha papo hapo, kwa muda unaopishana zaidi ya saa 24.

Kisha kuna EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Mjerumani Hans Berger alinasa umeme huo kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924. Vidude vidogo hubandikwa kichwani. Haviumi wala havipitishi umeme mwilini. Lakini mashine husoma dakika zile tu mgonjwa akiwa kitandani, hivyo jibu safi haliondoi uwezekano wa kifafa. Jambo hili ni zito kwa familia ya Murongo, mpakani na Uganda, inayofikiria safari ndefu hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Masimulizi yakiwa wazi, dawa inaweza kuanzishwa bila kusubiri EEG.

Picha ya CT ina kazi nyingine: huonyesha uvimbe, kovu, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyogeuka vifuko ndani ya ubongo, kama ilivyoonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa Haydom, Mbulu.

Kwa upande wa dawa, fenobabitoni imetumika tangu 1912 na bado inaokoa watu kwa bei nafuu. Kabamazepini ipo pia. Valproeti inaweza kudhuru mtoto tumboni, kwa hiyo msichana lazima aelezwe mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Hatari kubwa ni kuacha dawa ghafla kwa sababu mgonjwa "amepona". Kifafa kinaweza kurudi kikali na kuua. Dawa hupunguzwa polepole na daktari, mara nyingi baada ya miaka miwili ya utulivu.

Mwenye mgonjwa nyumbani aandike kwenye daftari kila tarehe ya kuanguka, aende nalo kliniki, na arudi kuchukua vidonge kabla havijaisha.