Ile Picha ya Kwasa Iko kwa Simu Yako? Cheki Kwanza Kama Si Mchoro

Ukisaka picha za kwasa kwa simu utapata duara la moto, na miale miwili imechomoka juu na chini. Kali sana. Lakini usichezwe, msee: nyingi ya hizo ni michoro. Kwa teleskopu ya kawaida kwasa ni kadoti tu, ungedhani ni nyota.

Sasa wasee wa anga walijuaje sehemu zake? Tuchukue 3C 273, ile ilifanya watu washtuke.

Mwaka wa 1962, Cyril Hazard na wenzake walikuwa na teleskopu ya redio ya Parkes, Australia. Walingoja mwezi upite mbele yake, wakarekodi mawimbi yakikatika na kurudi. Hapo wakajua iko wapi haswa, na kwamba ina sehemu mbili. Mwaka wa 1963, Maarten Schmidt akachambua mwanga wake kule Marekani. Manze, hiyo haikuwa nyota! Iko umbali wa miaka nuru bilioni 2.4 hivi. Mwanga unaoufikia leo ulitoka huko kabla dunia haijapata hata mnyama mmoja.

Cheki sehemu zake:

Shimo jeusi na sahani yake. Shimo lenyewe halionekani. Kinachowaka ni gesi inayolizunguka ikielekea kumezwa.

Mawingu ya gesi. Haya yanakimbia kilomita elfu kadhaa kwa sekunde. Mwaka wa 2018, timu ya GRAVITY iliunganisha teleskopu nne kule Chile zikapiga kazi kama moja kubwa. Wakaona upande mmoja wa gesi unakuja kwetu, mwingine unaenda. Kutoka hapo wakapiga hesabu: shimo lina uzito wa jua letu mara milioni 300 hivi.

Mchirizi. Hii ndio ile sehemu ya pili. Hubble imeupiga picha, na urefu wake unazidi miaka nuru 100,000.

Galaksi yenyewe. Hii inafichwa na mwangaza. Ni kama matatu ikuwashie taa usiku ukiwa stage: huoni namba ya ruti mpaka uzibe taa kwa mkono. Hubble ilifanya hivyo tu, ikaziba katikati, galaksi ikatokea.

Kwa hivyo ukiona picha noma ya kwasa, soma maelezo chini kabla ushare. Kama ni kadoti kamefifia, heshimu. Hako ndio original.