Bukavu: Dokta Mukwege, mtoto wa mchungaji aliyeanza upya mara tatu

Mwishoni mwa mwaka 2012, wamama wa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, walianza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate feza za tiketi ya ndege. Tiketi haikuwa yao. Ilikuwa ya Dokta Denis Mukwege, ambaye alikuwa amekimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake. Walikuwa wameandika barua kwa wakubwa wa inchi kuomba arudishwe, bila kupata jibu. Basi wakaamua kumrudisha wao wenyewe, ingawa wengi wao hawakuwa na hata dola moja ya kula kwa siku.

Alikuwa ameondoka kwa sababu ya usiku wa tarehe 25 Oktoba 2012, wakati watu wenye silaha walipoingia nyumbani kwake Bukavu na kumngojea. Mlinzi wake alipigwa risasi akiwa anajaribu kumwokoa. Alikufa palepale. Dokta akapona.

Tarehe 14 Januari 2013 alirudi. Watu walijipanga kando ya barabara kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini. Wamama walimwambia kwamba kama serikali haimlindi, wao watamlinda kwa zamu, usiku na mchana. Alisema baadaye kwamba mbele ya wamama hao hakuwa tena na neno la kujitetea.

Kusudi lake lilikuwa la zamani. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa tatu kati ya tisa, katika nyumba ya mchungaji wa kanisa la Kipentekoste. Akiwa bado mdogo alikuwa anafuatana na baba yake kutembelea wagonjwa. Siku moja mchungaji aliombea mtoto aliyekuwa mahututi, kisha akajitayarisha kuondoka. Denis akamwuliza: sisi tukiwa wagonjwa nyumbani, Papa anaomba na tena anatupa dawa, mbona huyu hapewi dawa? Baba akamjibu kwamba yeye si muganga. Mtoto akakata shauri palepale: Papa ataomba, yeye atatoa dawa.

Wengine huona maombi na hospitali kuwa njia mbili zinazoshindana, na katika makanisa yetu kuna wagonjwa waliokufa kwa sababu hiyo. Kwa mtoto huyu ilikuwa kazi moja, yenye watu wawili.

Alisomea uganga Bujumbura, akamaliza mwaka 1983, na kuanza kazi katika hospitali ya Lemera, kusini mwa Bukavu. Alikuwa amefikiri kutunza watoto. Lakini kule Lemera aliona wamama wakiletwa juu ya machela baada ya siku nyingi za uchungu wa kuzaa, wakivuja damu, wengine wakiwa wamekwisha kufa. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Angeweza kubaki kule, maana kazi na mshahara vilikuwapo. Mwaka 1989 alirudi Lemera, na kusudi lake sasa lilikuwa moja: mama asife kwa sababu ya kuzaa.

Vita vikaingia. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa zaidi ya thelathini waliuawa, wengi wakiwa vitandani, pamoja na watu wa kazi. Yeye hakuwa pale siku hiyo. Miaka ya kazi iliishia hapo, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Alianza upya Bukavu, chini ya mahema, na chumba cha kuzalishia na cha upasuaji. Mwaka 1998 vita vya pili vikaharibu yote. Mwaka 1999 akaanza tena, mtaani Panzi, akiwa na kanisa lake la CEPAC na msaada wa Wapentekoste wa Sweden. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya wamama wanaozaa. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa na kupigwa risasi katika sehemu zake za siri.

Hapo kusudi lenyewe lilivutwa upande mwingine. Baada ya yule wa kwanza walifuata wengine, kisha makumi ya maelfu. Wengi walikuwa na fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, linalofanya mkojo utoke bila kukoma. Mwanamke wa namna hiyo hufukuzwa na mume, na hata kanisani watu husogea mbali na benchi lake. Upasuaji mmoja mara nyingi hautoshi. Kuna waliorudi mezani mara kadhaa kabla ya kukauka. Tena Panzi ilijifunza kwamba kushona mwili ni robo tu ya kazi. Ikaongeza watu wa kusikiliza na kutuliza moyo, ufundi wa kujitafutia maisha, na wanasheria wa kupeleka kesi mahakamani.

Makanisa pia hayakuponyoka maneno yake. Mwaka 2017, mbele ya mkutano wa Walutheri wa dunia kule Windhoek, Namibia, aliwaomba waachane na mafundisho yanayomweka mwanamke chini ya mwanaume. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Irak, akiwa Mkongomani wa kwanza kuipata.

Si yote aliyoyalenga yalifaulu. Katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023 hakufikisha hata asilimia moja ya kura. Na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya makosa makubwa yaliyofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, ambayo aliisemea Oslo mbele ya wafalme, bado haijazaa mahakama anayoiomba kila mwaka.

Mwezi Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifunga na ndege za Kavumu zikasimama. Panzi haikufunga. Katika wodi ya uzazi, ile iliyokusudiwa tangu mwanzo, wamama waliendelea kuja kuzaa.