Ukuta, Basi na Chevrolet ya 1959

Magari mawili yanayolingana yanagongana uso kwa uso, kila moja likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Uliza kijiweni pigo hilo ni sawa na kuvaa ukuta kwa kasi gani, na wengi watajumlisha: 160. Jamie Hyneman, mtangazaji wa kipindi cha Marekani cha MythBusters, naye alijumlisha hivyohivyo hewani, na watazamaji wanaoijua fizikia wakamjia juu. Mwaka 2010 yeye na mwenzake Adam Savage wakaamua kuyamaliza kwa vyuma. Gari moja likavurumishwa ukutani kwa kasi ya 80, jingine kwa 160, kisha mawili yakakutanishwa pua kwa pua, kila moja kwa 80. Yaliyogongana yalibonyea kama lile la 80 ukutani. Lile la 160 lilikuwa chapati.

Ukuta humsimamisha dereva kutoka 80 hadi sifuri. Gari pacha nalo humsimamisha kutoka 80 hadi sifuri, kwa kuwa hakuna linaloweza kumsukuma mwenzake nyuma. Nishati imeongezeka mara mbili, kweli, lakini yapo magari mawili ya kuigawana. Kwa 160 nishati ni mara nne, na wa kuibeba ni mmoja.

Sasa ondoa gari moja, weka basi la tani 15 dhidi ya gari la tani moja na nusu. Yakinasana, basi linaendelea mbele kwa kama 65, gari likiwa puani mwake. Abiria wa basi wamepoteza kilomita 15 tu. Dereva wa gari dogo ametoka 80 kwenda mbele hadi 65 kwenda kinyumenyume: mabadiliko ya 145, kufumba na kufumbua. Hesabu ya kijiweni, iliyokosea kwa pacha, hapa inakaribia kuwa kweli, na ndiyo ajali ninayoiogopa zaidi.

Kasi ikishajulikana imebadilika kiasi gani, linabaki swali la umbali: mwili umepewa nafasi gani ya kupunguza mwendo? Wapenzi wa magari ya kale husema yale yalikuwa chuma, haya ya leo ni plastiki. Septemba 2009, ikitimiza miaka 50, taasisi ya bima za Marekani iitwayo IIHS iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja kwa kilomita 64, upande wa dereva kwa upande wa dereva. Chuma cha Bel Air kilikunjika hadi ndani ya kabini, na sanamu iliyokaa kwenye usukani ilionyesha kwamba dereva angekufa papo hapo. Wa Malibu angeondoka na jeraha dogo la mguu. Mashabiki walidai kongwe hilo lilikuwa limeng'olewa injini. Injini ilikuwemo.

Malibu ilikuwa imeundwa ibonyee mbele ili kabini isalie nzima. Wazo hilo mhandisi Béla Barényi wa Daimler-Benz alikwisha kuliombea hataza mwaka 1951, na Mercedes ya kwanza kulibeba, W111, ilitoka mwaka 1959, mwaka uleule wa Bel Air.